Walezi wa Chembe za Kinga

Mfugaji wa Nyeri akimkuta ndama wake amejitenga pembeni mwa zizi, hataki nyasi wala maziwa, hupapasa kwanza chini ya sikio. Akigusa tezi iliyovimba, ajua kwamba shari imeingia nyumbani. Huo ni ugonjwa wa ndigana kali, uitwao pia homa ya pwani ya mashariki, nao huenezwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa sikioni mwa ng'ombe. Ng'ombe wa gredi asipotibiwa mapema, aghalabu hufa kabla ya wiki nne kwisha. Na pamoja naye hupotea maziwa ya nyumba na karo ya watoto.

Ndani ya tezi ile iliyovimba mna jambo la ajabu. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, zimeingiliwa na adui na kugeuzwa watumwa wake. Ili kulifahamu jambo hilo, wataalamu walipaswa kuzitoa chembe hizo mwilini na kuzilea nje, ndani ya chupa, wakizilisha na kuzitazama siku baada ya siku. Kazi hiyo ya ulezi ilifanywa kwa mikono hapa Afrika ya Mashariki, tena kwa sifa kubwa. Siku hizi mikono imeanza kuipokeza mashine: chipu yenye mifereji myembamba kama unywele yazilisha chembe, na kompyuta iliyofunzwa yazitazama. Insha hii yaeleza jinsi ulimwengu ulivyofika hapo, na kwa nini habari hii yawahusu watu wa Nyeri, Karatina, Embu, Meru na miji mingine iuzungukayo Mlima Kenya.

Kwanza yafaa tufahamu chembe hizi ni nini. Mwili wa mtu au wa mnyama umejengwa kwa chembe hai, ambazo katika vitabu vya leo huitwa seli, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Chembe nyingi zina mahali pake: za ini hukaa inini, za figo hukaa figoni. Lakini chembe nyeupe za damu hutembea. Huzunguka katika mishipa, hupumzika katika matezi, na kila ziendapo hukagua. Baadhi yake hutengeneza dawa za kumkamata adui. Nyingine, ziitwazo chembe za T ziuazo, huitafuta chembe ya mwili iliyokwisha kuingiliwa na adui na kuiua, ili adui asipate pa kuzaliana. Kinga ya mwili ni kazi ya walinzi hawa.

Kwa karne nyingi watu walidhani kwamba chembe haiwezi kuishi nje ya mwili. Mwaka 1907, nchini Marekani, Ross Harrison aliweka kipande cha mishipa ya fahamu ya chura mchanga ndani ya tone la maji ya mwili lililoganda, akakiona kikikua mbele ya macho yake. Mwaka 1912 Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyefanya kazi New York, alianza kulea chembe za moyo wa kifaranga, nazo zikaendelea kulelewa hata mwaka 1946. Watu wakaamini kwamba chembe ikilelewa vema haifi kamwe. Lakini mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kwamba chembe za kawaida za binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha huzeeka na kukoma. Wataalamu wengi hudhani kwamba katika maabara ya Carrel chembe changa zilikuwa zikiongezwa pamoja na chakula, bila wenyewe kutambua. Basi imani ya ulimwengu mzima ilisimama zaidi ya miaka 40 kwa sababu hakuna aliyeandika kwa uangalifu kila kitu kilichotiwa ndani ya chupa.

Kulea chembe si kazi ndogo. Zataka joto la nyuzi 37, sawasawa na la mwili. Zataka chakula cha sukari, chumvi na protini, nacho hubadilishwa kabla hakijachafuka. Zataka hewa iliyopimwa. Bakteria mmoja akiingia, huzaliana kwa kasi kuliko chembe zenyewe, na kazi ya mwezi mzima humwagwa kwa siku moja. Zikisongamana hufa kwa njaa. Zikiwa chache mno hudhoofika kwa upweke. Kwa hiyo mlezi hufika mapema, hunawa, hutazama kwa hadubini, huhesabu chembe kwenye kioo chenye miraba, hugawanya, hulisha, huandika. Kesho yake huanza tena. Hapana sikukuu kwa chembe.

Walezi wa namna hiyo walipata makao mashuhuri Muguga, upande wa Kiambu, katika shirika la utafiti wa magonjwa ya mifugo lililozihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo, tangu mwaka 1956, Walter Plowright na wenzake walilea chembe za figo za ndama, wakapitisha ndani yake virusi vya sotoka kutoka chupa hata chupa, mara 90 hivi. Virusi vikazoea maisha ya chupa na kupoteza ukali, hata vikafaa kuwa chanjo salama iliyoweza kutengenezwa kwa wingi na kwa bei nafuu. Sotoka ni ugonjwa uliofagia ng'ombe na nyati wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 na kuleta njaa kubwa. Mara ya mwisho ulithibitishwa duniani mwaka 2001, katika nyati wa Hifadhi ya Meru, mashariki ya Mlima Kenya. Na mwaka 2011 mataifa yalitangaza kwamba umekwisha kabisa. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kuondolewa duniani kwa juhudi za binadamu. Chanzo cha ushindi huo ni chembe zilizolelewa Muguga.

Lakini ndigana kali haikushindwa kwa njia hiyo, kwa kuwa adui wake ni wa namna nyingine. Mwaka 1897 Robert Koch, daktari Mjerumani, aliona Dar es Salaam vijidudu vidogo katika damu ya ng'ombe, akadhani ni wa homa nyingine iliyojulikana tayari. Mwaka 1904 Arnold Theiler, mganga wa mifugo huko Afrika ya Kusini, alieleza kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake. Na kwa heshima yake kijidudu chake huitwa Theileria. Kijidudu hiki hutoka mateni mwa kupe, huingia moja kwa moja ndani ya chembe nyeupe ya ng'ombe, na badala ya kuiua huiamuru igawanyike. Chembe ikigawanyika, naye hugawanyika pamoja nayo, kila mmoja akachukua sehemu yake. Hivyo chembe ya kinga hugeuka kuwa kama chembe ya saratani, na tezi huvimba kwa wingi wa walinzi waliokwisha kutekwa.

Ugonjwa huu ulipata nguvu mpya katika wilaya zetu kwa sababu ya mabadiliko mema. Kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwaruhusu wakulima Waafrika wengi zaidi kulima kahawa na kufuga ng'ombe wa gredi, mambo ambayo hapo awali yalikuwa yamebanwa mno. Mashamba ya Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru yakajaa ng'ombe watoao maziwa mengi. Ng'ombe wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe aghalabu huugua kidogo na kupona. Wa gredi hufa. Wakulima wakajenga majosho na kuogesha ng'ombe kila wiki. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1990, serikali ilipopunguza fedha, majosho mengi yaliharibika na kila mfugaji akabaki na bomba lake la mgongoni. Kwa hiyo swali la chanjo likawa swali la mlo.

Sasa tuone jinsi chembe nyeupe zenyewe zilivyoanza kulelewa. Kwa muda mrefu zilikataa kukua. Mwaka 1960 Peter Nowell, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikuwa akitumia dawa itokanayo na maharagwe mekundu, yale yale tuyapikayo na mahindi, kwa kuzitenga chembe nyekundu na nyeupe. Akaona jambo asilolitarajia: chembe nyeupe zilizoguswa na dawa ile zilinenepa na kugawanyika. Ilikuwa kana kwamba askari waliolala wamepigiwa tarumbeta. Mwaka 1976 wataalamu wengine wa Marekani wakagundua protini ambayo chembe za T huitumia kama chakula cha kukuza jeshi. Na kwa protini hiyo ziliweza kulelewa kwa muda mrefu.

Kati ya miaka hiyo miwili, Muguga ilipiga hatua yake. Mwaka 1964 watafiti wa huko walieleza jinsi Theileria anavyoongezeka ndani ya chembe za ng'ombe zilizolelewa chupani. Mwaka 1970 Malmquist, Nyindo na Brown walichapisha habari kwamba wamezilea chembe nyeupe za ng'ombe zenye kijidudu hicho bila kikomo. Hapakuhitajiwa dawa ya maharagwe wala chakula cha jeshi; kijidudu mwenyewe ndiye aliyeziamuru chembe ziendelee. Wakati walezi wa kwingineko walipokuwa wakihangaika kuzifanya chembe za kinga zikue, Muguga ilikuwa na chembe zisizotaka kukoma kukua. Msomaji asidhani kwamba sayansi hii ililetwa kwetu ikiwa tayari imekamilika. Sehemu yake ilizaliwa hapa.

Mwaka 1973 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ijulikanayo kwa jina la ILRAD, ilianzishwa Kabete, Nairobi. Kwa kutumia chembe zilizolelewa, watafiti wake waliona kwamba ng'ombe aliyepona ndigana kali huwa na chembe za T ziuazo, ambazo humtambua askari aliyetekwa na kumwangamiza. Mwaka 1994 walichapisha jaribio lililo wazi kuliko yote. Walichukua chembe za kinga kutoka kwa ndama aliyekwisha kupata kinga, wakamtia ndugu yake pacha wa kufanana naye, ambaye hakuwa na kinga. Na pacha yule akalindwa. Kinga ilihamishwa kutoka mwili mmoja hata mwingine kwa chembe hai, si kwa dawa ya chupa. Mwaka uo huo taasisi hiyo iliunganishwa na nyingine ya Addis Ababa, ikawa ILRI, nayo ingali Kabete.

Pamoja na hayo, chanjo itumiwayo na wafugaji ni ile iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970. Kupe walioambukizwa husagwa, na vijidudu hai vilivyomo hutiwa ng'ombe pamoja na sindano ya dawa ya tetrasaiklini, ili augue kidogo na kupata kinga. Yafanya kazi vema. Lakini kuitengeneza ni kazi ndefu. Ni lazima ihifadhiwe katika naitrojeni ya majimaji, ambayo ni baridi kupita kiasi. Na aina ya kijidudu isiyofanana na zile zilizomo yaweza kupenya. Watu watamani chanjo nyepesi zaidi, iliyotengenezwa kwa vipande vya kijidudu tu. Ili kuipata, yapasa kujua ni vipande vipi ambavyo chembe ziuazo huvitambua. Jenomu ya Theileria ilichapishwa mwaka 2005, nayo yaonyesha protini takriban 4,000. Kujaribu maelfu hayo kwa chembe za ng'ombe mmoja, kisha wa pili, kisha wa mia, kwa pipeti na mikono miwili, ni kazi ya kumaliza maisha ya mtu.

Kwa upande wa binadamu shida ilikuwa ileile, ijapokuwa sababu ni nyingine. Katika Chuo Kikuu kile kile cha Pennsylvania, madaktari walijifunza kuzitoa chembe za T za mgonjwa wa saratani ya damu, kuzifundisha kuitambua saratani kwa kuzitia jeni mpya, kuzilea mpaka zikawa nyingi mno, na kuzirudisha mwilini. Mwezi Agosti 1970 hakuna ambaye angeliamini jambo hilo. Mwezi Agosti 2017 serikali ya Marekani iliidhinisha tiba hiyo. Watoto waliokwisha kukatiwa tamaa walipona. Lakini bei iliyotangazwa ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja, fedha za kununulia ng'ombe wa gredi kwa mamia. Sababu moja ya ughali huo ni ulezi wenyewe: kila mgonjwa hulelewa chembe zake mwenyewe, katika vyumba safi kupita kiasi, na mafundi waliosomea kazi hiyo, kwa siku nyingi. Dawa ya kawaida hutengenezwa mara moja kwa watu elfu. Hii hutengenezwa mara elfu kwa watu elfu.

Hapo ndipo ilipoingia chipu. Neno hili lisitutishe. Msomaji aliyepita Mwea, kusini ya Mlima Kenya, ameona jinsi maji ya mito Thiba na Nyamindi yanavyogawanywa kwa mifereji na milango midogo, hata kila jaruba la mpunga likapata maji kwa zamu yake. Chipu ya kulea chembe ni Mwea iliyofinywa ikaenea katika kiganja. Fundi huchora mifereji kwa mwanga juu ya bamba la silikoni, kwa ufundi ule ule utumiwao kutengeneza vipande vya kompyuta. Kisha humimina juu yake mpira laini ulio kama uji, na ukiganda huubandua. Mifereji hubaki imechapwa tumboni mwa mpira, kila mmoja mwembamba kama unywele.

Njia hii ya mpira ilienea katika miaka ya 1990 kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2000 Stephen Quake na wenzake walionyesha jinsi ya kuweka milango. Walilaza mfereji mmoja juu ya mwingine. Hewa ikisukumwa katika ule wa juu, mpira huvimba na kuufunga ule wa chini, kama mtu akanyagapo bomba la kumwagilia bustani. Mwaka 2007 kundi lake huko Stanford lilitangaza chipu yenye vyumba 96, kila kimoja kikilea chembe peke yake, kikilishwa kwa saa zake na kwa chakula chake, bila mkono wa mtu. Tone moja la damu laweza kugawanywa katika vyumba hivyo, na kila chumba kikapewa jaribio lake. Kwa mtafiti wa ndigana kali, maana yake ni kwamba chembe za ndama mmoja zatosha kuulizwa maswali mengi kwa pamoja.

Lakini kulisha si ulezi wote. Mlezi wa Muguga hakuwa mtu wa kumimina tu. Alikuwa na jicho. Aliweza kutazama chupa na kusema, hizi zimeshiba, hizi zataka kugawanywa, hizi kesho zitakufa. Jicho hilo mashine italipata wapi?

Jibu lilianza mbali na maabara, katika mchezo wa drafti. Mwaka 1959 Arthur Samuel, Mmarekani, alieleza jinsi alivyoiwezesha kompyuta kucheza drafti. Hakuiandikia kila hila. Aliifanya icheze, ipime matokeo, na irekebishe hesabu zake, hata ikacheza vema kuliko yeye aliyeitengeneza. Akaiita kazi hiyo kujifunza kwa mashine. Kwa picha, mambo ni hivyo hivyo. Mashine haielezwi chembe ilivyo. Huonyeshwa picha nyingi, na kando ya kila picha mtaalamu ameandika jibu: hii hai, hii mfu, hii imelala, hii imeamka. Mashine hukisia, husahihishwa, hujirekebisha, hukisia tena, maelfu kwa maelfu ya mara. Mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walitoa programu iliyojifunza kuchora mpaka wa kila chembe katika picha hata ikiwa imepewa mifano michache. Nayo imekuwa msingi wa nyingine nyingi.

Chembe ya T ikiamka hunenepa, na chembe zilizoamka hukusanyika makundi makundi. Mashine iliyofunzwa huziona ishara hizo usiku na mchana bila kusinzia. Ikiunganishwa na chipu, mviringo wakamilika: jicho huona, hesabu huamua, mlango hufunguka, chakula huingia, na jicho hutazama tena. Mitambo midogo ya namna hii yatumika leo katika maabara za utafiti, na mingine mikubwa, iliyofungwa isiingiwe na uchafu, yatumika hospitalini kutayarisha chembe za wagonjwa. Bado haijawa rahisi. Kiputo kimoja cha hewa huziba mfereji. Mpira hunyonya baadhi ya dawa na kubadili kipimo. Na vyumba vidogo vyafaa kwa kujaribu, lakini mgonjwa mmoja huhitaji chembe mamilioni mengi, ambazo hazienei humo.

Tena kuna upungufu ulio mkubwa kuliko kiputo. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mashine ni mtoto wa picha ilizoonyeshwa. Ikiwa picha zote za chembe zilizolala zilipigwa asubuhi kwa taa moja, na za zilizoamka zilipigwa jioni kwa taa nyingine, mashine yaweza kujifunza taa badala ya chembe, na ikajibu kwa uhodari mwingi na upotovu mwingi. Vile vile, mashine iliyofunzwa kwa chembe za ng'ombe wa Ulaya peke yake, ambao hawajaumwa na kupe wetu, haijaonyeshwa ng'ombe wa Mathira wala wa Laikipia. Haitasema kwamba haijui. Itajibu tu, na jibu lake litafanana na la mjuzi.

Nyeri yenyewe ina mfano wa jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2012, kuna kituo cha sayansi ya data na akili bandia. Watafiti wake wamerekodi sauti za ndege na kupiga picha za wanyama wa pori katika hifadhi ya chuo, ili mashine ifunzwe kuwatambua. Wangeweza kutumia sauti zilizorekodiwa nchi nyingine, lakini ndege wa huko si ndege wa huku. Iliwapasa kwenda porini, kusikiliza, na kuandika jina la kila mlio. Katika eneo la chuo hicho hicho kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, ambayo imejishughulisha na utengenezaji wa chipu. Na mwaka 2024 shirika la serikali ya Marekani lilikubali kugharimia uchunguzi wa njia za kuipanua. Chipu za umeme si zile za kulea chembe, lakini ni ndugu wa tumbo moja: zote huanza kwa mwanga uchorao juu ya silikoni katika chumba kisicho na vumbi.

Basi Afrika ya Mashariki ina vitu vitatu ambavyo kazi hii hudai. Kabete ina chembe za ng'ombe na ujuzi wa miaka 50 wa kuzilea. Nyeri ina mwanzo wa ufundi wa chipu, na vijana wanaofunza mashine. Na vilima vyote vya Mlima Kenya vina ng'ombe walioonana na ndigana kali, baadhi wakafa na baadhi wakapona. Ng'ombe aliyepona ni kitabu, kwa kuwa chembe zake zajua jibu la swali ambalo wataalamu wangali wakiliuliza.

Lakini kitabu hicho hakisomeki bila maandishi ya mfugaji. Ndama alizaliwa lini? Aliogeshwa mara ngapi? Tezi ilivimba siku gani, na joto lilikuwa kiasi gani? Alitibiwa kwa dawa ipi, na akapona au akafa? Damu iliyochukuliwa kwa ndama asiye na historia ni damu tu. Mashine ikiitazama hupata picha isiyo na jibu kando yake, na kwa picha ya namna hiyo haijifunzi kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sasa methali hiyo imepata maana ambayo wazee wa biashara waliotuachia hawakuifikiri.

Wako watu wasemao kwamba mashine ikija, kazi ya walezi itakwisha. Historia tuliyoisimulia haikubali hivyo. Chembe za Carrel zilidanganya kwa kukosa maandishi. Za Plowright zilishinda kwa sababu kila mpito, wa kwanza hata wa 90, uliandikwa. Mashine itapunguza kumimina na kuhesabu, na hilo ni jema, kwani mikono huchoka na ughali wa mikono huwanyima maskini dawa. Kazi itakayobaki ni ya kuamua mashine ifunzwe nini, kwa mifano ya nani, na kuikagua ikosapo. Nchi isiyotoa mifano yake itanunua mashine zilizofunzwa kwa magonjwa ya wengine.

Kwa mwanafunzi wa sekondari kazi hiyo yaweza kuanza sasa, wala haihitaji maabara. Nyumbani kwenu kukiwa na ng'ombe, chukua daftari. Andika jina lake, siku ya kuzaliwa, siku za kuogeshwa, maziwa ya kila siku, na kila ugonjwa pamoja na mwisho wake. Andika hata yale yasiyopendeza, yaani ndama aliyekufa na dawa iliyochelewa. Siku mganga wa mifugo atakapofika kuchukua damu, utakuwa na kitu cha kumkabidhi pamoja na ile chupa.